Tupeane uzoefu: siku jina la kwenu liliposomwa kwenye orodha ya kaya maskini

Mtoto wa Chamwino
Mbukwenyi wakuu. Jana nimekaa kijiwe cha kahawa pale Majengo, Dodoma mjini, jamaa mmoja analalama kwamba hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zimewafanya watu wa vijijini wavivu, eti siku hizi kibarua wa kupalilia zabibu hapatikani. Nikanyamaza, maana kwetu tumo. Siku ya mkutano wa kijiji baba aliposikia jina lake likisomwa aliinuka akaondoka. Usiku akala ugali wake na mlenda, ndipo akamwambia mama: "Hiyo hela utaipokea wewe, mimi nina mikono." Mama akapokea, baba akaendelea kuila kimya kimya. Kwenu ilikuwaje?

Mzee wa Alizeti
Baba yako mwanaume. Hela ya bure inaua mkono. Sisi tumekua na Uhuru na Kazi, ulikuwa unalima au unalala njaa.

Kipozeo
Mzee, shikamoo. Ila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada wa Marekani, mliula, au mlikuwa mnautazama?

Mzee wa Alizeti
Marahaba. Tuliula tukiwa na jembe mkononi.

Dada wa Nkuhungu
Hii mada imenigusa pabaya. Sisi ni wa upande wa Bahi. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama ana shamba la mtama na kajaruba ka mpunga, mvua ikigoma ni vumbi tu. Kaka yetu mkubwa ni mtumishi, serikali ilipohamia Dodoma naye akahamia, akapanga nyumba Ilazo.

Mama akapitishwa kwenye mkutano, hakuna aliyepinga. Kaka alipopata habari alikuja na gari la rafiki yake, hata maji hakunywa. "Mnanidhalilisha! Kazini wakijua mama yangu ni kaya maskini nitaweka wapi uso?" Akamtaka mama akafute jina, yeye atakuwa anatuma laki kila mwisho wa mwezi. Mama akasema sawa mwanangu, tuma. Jina hakufuta.

Laki ilikuja mara moja. Ikafuata nusu yake. Baada ya hapo zikawa zinakuja meseji za "mama vumilia".

Mama akaendelea na yake. Mdogo wetu hakosi shule, kwa sababu mahudhurio yanaangaliwa na hela inaweza kukatwa. Kipindi cha hari mama yupo kwenye ajira za muda za TASAF wanachimba lambo, wanawake wazima wamefunga khanga kichwani wanabeba udongo kwa karai juani. Anayeiita hela ya bure aje ashike lile karai. Ruzuku inakuja kila baada ya miezi miwili na wala siyo nyingi, ila hakuwa anaimaliza. Aliingia kikundi cha kuweka akiba, akanunua kuku, wakafa wote kwa ugonjwa wa mdondo. Akaanza upya, safari hii kwa chanjo, mpaka akafika kwenye mbuzi.

Sasa usiku mmoja nipo nyumbani likizo, mbwa wanabweka, tunafungua mlango: kaka. Kwa miguu kutoka barabarani. Amekonda, shati limening'inia. Kumbe alichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza, ya kulipia kiwanja, akachukua nyingine ya kulipia ile ya kwanza. Kadi ya benki anayo mkopeshaji, na namba ya siri kampa. Mshahara ukiingia anautoa mwenyewe. Shemeji kashabeba watoto karudi kwao. Kaka akapiga magoti chini mbele ya mama: "Mama, nikopeshe kwenye kikundi chenu."

Mama akanyamaza mpaka nikaogopa. Ngoja nimnyonyeshe mtoto, nakuja.

Kipozeo
Dada usitufanyie hivyo!!

Mama Kashata
Nimeacha mboga jikoni inaungua.

Bandika Bandua
Tatizo ni nyie watu wa Dodoma. Kuomba kwenu ni jadi, ukienda Dar kila taa za barabarani Mgogo.

Mtoto wa Chamwino
Wewe ukae na adabu. Unajua huku kwetu Ugogo mvua inanyesha msimu mmoja tu? Desemba ikigoma hakuna pa kukimbilia. Babu zetu walipita njaa ya Mtunya mwishoni mwa vita ya kwanza ya dunia, majeshi yalishabeba nafaka na ng'ombe, halafu ukame ukaja juu yake. Leo wewe mwenye chipsi mkononi unasema jadi.

Bandika Bandua
Mtunya ilikuwa miaka mia iliyopita mkuu. Zabibu, alizeti, soko la mahindi Kibaigwa, treni ya umeme, vyote mnavyo.

Mpalilia Zabibu
Zabibu za nani? Mimi napalilia za watu. Mwenye shamba anataka nifanye kutwa kwa hela ya vocha, nikikataa anasema TASAF imeniharibu. Kwetu hatumo hata kwenye orodha.

Chepeo
Hapo umenena. Na kijijini kwetu alikuwemo mwenye mashine ya kusaga, shemeji yake kiongozi. Mpaka wanakijiji walipokuja juu.

Mzee wa Alizeti
Si nilisema?

Kipozeo
Hukusema hivyo mzee. Dada wa Nkuhungu yuko wapi?

Dada wa Nkuhungu
Nimerudi. Mama alimjibu: "Hela ya kikundi ina wenyewe, siwezi kuibeba kwa aibu yako." Kaka akalia. Mama akaenda kulala! Jumamosi yake akapeleka mbuzi mnadani, karibu wote, akapanda basi na mwenyekiti wa kikundi mpaka kwa mkopeshaji mjini. Hesabu ikapigwa pale pale, mama hajui kusoma lakini hesabu huwezi kumdanganya. Deni likaisha, akadai kadi. Kaka akanyoosha mkono aipokee, mama akaifunga kwenye pindo la khanga. Namba ya siri wakaenda kubadilisha siku hiyo hiyo. Mpaka leo kadi inakaa kijijini kwenye kopo la majani ya chai. Mwisho wa mwezi kaka anakuja, wanaenda wote kwa wakala, anapewa ya kodi, ya watoto na ya nauli, kinachobaki ni mbuzi wa mama.

Mama Kashata
Huyo mama apewe wizara ya fedha.

Bandika Bandua
Mtu mzima kunyang'anywa mshahara na mama yake? Huo ni unyanyasaji.

Mpalilia Zabibu
Alivyonyang'anywa na mkopeshaji ulikuwa nini?

Mtoto wa Chamwino
Na shemeji alirudi?

Dada wa Nkuhungu
Alirudi. Ila yeye anataka kadi ihamie kwake, hapo ndipo vita ilipo sasa.

Mzee wa Alizeti
Asipewe.

Mama Kashata
Apewe, ndiye anayelisha watoto. Mama mkwe abaki na mbuzi.

Kijana wa Kongwa
Kwa wenye sifa, halmashauri zina mikopo isiyo na riba, inatoka kwenye asilimia kumi ya mapato yao ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Undeni vikundi muachane na kausha damu.

Kipozeo
Nilikuwa kwenye kikundi cha vijana. Mweka hazina ana pikipiki mpya, sisi tuna marejesho.

Chepeo
Dada, hiyo chanjo ya mdondo mnatumia ipi? Wangu wameanza kusinzia.

Dada wa Nkuhungu
Ile ya tone la jichoni, mama anarudia kila miezi mitatu. Ila walioanza kusinzia watenge leo hii, chanjo ni ya wazima.