Mjadala: Huduma za afya ya akili Kisumu zianzie hospitali kuu au mitaani?

Mwalimu wa Manyatta
Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili, lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, lilitoa ripoti yake mwaka 2020, Korona ikiwa imepamba moto, na kupendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho na kaunti zikaongezewa wajibu. Hata hivyo, mgonjwa wa mitaa yetu kama Nyalenda, Obunga au Bandani bado anapiga foleni katika hospitali kubwa. Je, pesa chache zilizopo ziongeze vitanda huko, au ziende kwa zahanati za mitaa na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaozuru kaya nyumbani? Mimi naegemea mitaani, maana ndiko kafyu ya Korona ilikovunja biashara na ndiko madeni yaliyobaki yanakowakosesha watu usingizi hadi leo.

Mkazi wa Nyalenda B
Mwalimu, kwa heshima, sikubaliani nawe. Mhamasishaji ni jirani yangu. Tunachota maji kioski kimoja na tuko chama kimoja. Nikimweleza kwamba nimewahi kufikiria kujitoa uhai, habari zitamfikia mwenye nyumba kabla ya mwezi kwisha, na pengine polisi pia. Kule hospitali kuu angalau hakuna anayenijua.

Mama wa Obunga
Ndugu wa Nyalenda, umenichoma moyo. Mimi ni mhamasishaji, nahudumia takriban kaya 100, na nimetunza siri za wenye virusi vya Ukimwi na kifua kikuu tangu zamani bila hata moja kuvuja. Kuna mama muuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, ambaye baada ya Korona aliacha kukaanga kabisa. Karai lilikuwa limefunikwa mlangoni, mafuta yameganda, watoto wanakula kwa jirani. Hakuna daktari wa hospitali kuu ambaye angeliona karai hilo. Nililiona mimi, nikaketi naye, nikarudi tena na tena mpaka akakubali kupelekwa kliniki.

Mkazi wa Nyalenda B
Mama, umethibitisha hofu yangu kwa maneno yako mwenyewe. Anayeishi Obunga akisoma hapa atamtambua mama huyo kwa karai lake.

Mama wa Obunga
Aliniruhusu mwenyewe, naye husimulia kisa chake barazani kwa chifu ili wengine wasiogope. Wanaotuhukumu wangetuuliza kwanza tunaishije kwa shilingi 2,500 kwa mwezi.

Kijana wa Kondele
Hizo 2,500 ni nusu inayolipwa na kaunti, Mama. Tangu mpango wa wahamasishaji uzinduliwe Septemba 2023, serikali kuu inapaswa kuongeza 2,500 nyingine, jumla 5,000. Hata zikifika zote, na kwa wakati, mtu anayebeba shinikizo la damu, chanjo, wajawazito na sasa huzuni za mtaa mzima anastahili zaidi ya hapo. Tusimlaumu mhamasishaji kabla hatujamlipa.

Muuguzi Mstaafu
Wanangu, malipo ni haki, lakini swali la siri halijajibiwa. Kuhusu polisi, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Kwa hiyo mgonjwa anayesema ukweli asitishwe na mtu yeyote. Kuhusu uwezo wa watu wasio madaktari, Zimbabwe wamefunza akina nyanya wakae kwenye mabenchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha wagonjwa wakipata nafuu. Viungani mwa Nairobi pia wahudumu wa jamii walifunzwa kutoa ushauri wa vikao vichache kwa wanawake, na matokeo yakawa mazuri. Kote huko walikuwa na msimamizi wa kuwafuatilia. Sisi tunawapa semina kisha tunawaacha.

Tena msituzungumzie huzuni pekee. Nimemwona kijana mwenye skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, akitembea kwa miguu kutoka Nyalenda kuja hospitali kuu kudungwa sindano yake ya mwezi, akaambiwa dawa imeisha, akanunue dukani. Hakununua. Alirudishwa baada ya wiki kadhaa akiwa amefungwa kamba mikononi. Sindano hiyo ingekuwa katika zahanati ya mtaani kwake, pamoja na muuguzi mmoja wa magonjwa ya akili, hakungekuwa na haja ya kitanda. Vitanda vichache vilivyopo vingebaki kwa waliozidiwa.

Mkazi wa Nyalenda B
Nimekuelewa, Muuguzi, na kuhusu dawa sina ubishi. Ila kwa mazungumzo, mhamasishaji wa Obunga aje Nyalenda, na wa kwetu aende Obunga. Hapo nitafungua mlango.

Mama wa Obunga
Nitakuja. Nauli ya boda hadi kwako na kurudi itatoka mfuko gani?