Unga wa asidi amino baada ya mazoezi: mbona leusini haiyeyuki?

Mkimbiaji wa Igoma

Habari zenu, ndugu. Kikundi chetu cha kukimbia hapa Mwanza kimeamua kujichanganyia unga wa asidi amino (viungo vinavyojenga protini) wa kunywa baada ya mazoezi, kwa kuwa makopo ya madukani bei yake haishikiki. Kipimo cha mtu mmoja ni gramu 10 za asidi amino tatu, yaani leusini, isoleusini na valini, kwa uwiano wa 2:1:1, pamoja na gramu 5 za glutamini, asidi amino nyingine, katika mililita 200 za maji baridi yaliyokamuliwa ndimu. Tunachanganya usiku ili alfajiri kila mtu achukue chupa yake. Shida ni kwamba unga mwingine unaelea, mwingine unatuama, na uchungu wake umewashinda wengi. Turekebishe nini?

Mfamasia wa Kirumba

Ndugu yangu, tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoeleza machicha hayo. Gramu 10 kwa uwiano huo zina gramu 5 za leusini. Ukizitia katika mililita 200 ni sawa na gramu 25 kwa lita, ilhali maji ya nyuzi joto 25 huyeyusha takriban gramu 24 tu, na yaliyotoka kwenye friji huyeyusha pungufu ya hapo. Hata mkitikisa mpaka kuche, itabaki. Tumieni mililita 500 za maji yasiyo baridi. Kuelea kuna sababu nyingine: chembe za leusini hazilowani kwa urahisi, ndiyo maana viwandani hupakwa lesithini, aina ya mafuta inayosaidia unga kuchanganyika na maji. Uchungu ni wa asili yake. Ndimu na chumvi kidogo huupunguza, haviuondoi.

Glutamini ikikaa majini huvunjika polepole na kutoa amonia, na joto pamoja na asidi huharakisha jambo hilo, kwa hiyo kuilaza usiku kucha ndani ya ndimu hakufai. Mimi ningeiondoa kabisa, kwani kwa mtu anayekula vizuri ushahidi wa kwamba inaharakisha nafuu ya misuli ni hafifu.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, imo katika fomula yenyewe. Leusini huamsha ujenzi wa protini ya misuli, lakini ujenzi huo unahitaji asidi amino muhimu zote tisa, zile ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Zile sita mlizoziacha mwili utazitoa penginepo, na sehemu kubwa itatoka kwenye misuli ileile mnayotaka ipone. Gramu 10 zenye zote tisa, leusini ikiwa gramu 3, zitawafaa kuliko mchanganyiko wa sasa. Angalizo: lisini, mojawapo ya hizo tisa, huuzwa kama haidrokloraidi (chumvi yake), ambayo moja ya tano ya uzito wake si lisini, kwa hiyo mkitaka gramu 1 pimeni gramu 1.25.

Mwalimu wa riadha, Nyamagana

Namuunga mkono mfamasia, ila naona wanga umesahaulika. Aliyekimbia saa mbili amepunguza sana akiba ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, na kama atafanya mazoezi tena siku hiyohiyo anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya mwili wake, kila saa, katika saa chache za mwanzo. Viazi vitamu na uji vinatosha. Kuhusu protini, dagaa waliokauka vizuri, wale wa soko la Mwaloni, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini yenye asidi zote tisa. Mkifikisha gramu 1.4 hadi 2 za protini kwa kilo kwa siku, sioni unga utaongeza nini cha maana.

Mkimbiaji wa Igoma

Shikamoo mwalimu, tumekuelewa. Wapo wenzetu wanaotoka mazoezini moja kwa moja kwenda kazini bila nafasi ya kula, kwa hiyo unga tutawabakizia hao. Je, tunaweza kuwauzia vikundi vingine?

Mfamasia wa Kirumba

Msiuze kabla ya kufika TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambako usajili wa vyakula ulihamia mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Kwa unyevu wetu huu wa ziwani, lisini haidrokloraidi huganda mabonge, hivyo tieni vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya vyombo visivyopitisha hewa. Tena mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haiwezi kupima triptofani, nyingine kati ya zile tisa, ambayo kipimo chake hakifiki hata nusu gramu. Nunueni inayosoma sehemu ya mia ya gramu kabla ya kuagiza unga mwingine.