Wanakijiji wamenisikiliza kimya, nimekosea wapi? (sumukuvu)

BintiChamwino: Habari wadau. Mimi afisa ugani huku Chamwino, bado mpya. Wiki iliyopita tuliitisha mkutano wa kijiji kuhusu sumukuvu, ile sumu ya fangasi kwenye mahindi na karanga, nimejiandaa kweli, nikaeleza mpaka aina za fangasi, nikawakumbusha watu waliofariki 2016 huku Dodoma na Manyara, watu kimya tuu, mwisho mzee mmoja akauliza mbolea ya ruzuku inakuja lini. Mwezi ujao narudi. Hivi nawajuaje hawa watu kabla sijafungua mdomo?

MkulimaKongwa: Pole dada. Mkutano ulikuwa saa ngapi na waliokaa mbele ni akina nani? Maana anayeanika, anayepukuchua na kuchagua punje mbovu ni mama, na mchana mama kaenda maji. Nenda siku mbili tatu kabla, kaa uani umenye nao karanga. Mimi nilimkuta mama anatenga zilizooza pembeni ya ungo nikafurahi, kumbe hatupi, anazitwanga za kuungia mlenda, namuuliza ananiambia "zikichemka sana hazina shida mwanangu". Ndo nikajua cha kuongea, kwamba ile sumu moto wa jikoni hauimalizi. Ningekaa ofisini nisingelijua hilo hata mwaka mzima.

BintiChamwino: Aisee. Ilikuwa saa nane, na akina mama walikuwa kama watano, tena nyuma kabisa.

Mbukwenyi_Dom: Mwanangu, salimia kwa Kigogo hata kama hukijui vizuri, ila usidhani mkoa wote Wagogo, ukienda Chemba kuna Warangi na Wasandawe. Na vifo usianze navyo, waliokufa ni ndugu za watu, ukiwatisha wanakuacha uongee peke yako. Huyo mzee wa mbolea msikilize pia, kakwambia linalomuuma. Afu uliza wanaanika wapi na turubai wanalo? Maana ukimwambia mtu asianike chini na turubai hana, umemwacha palepale. Wanaopeleka mahindi soko la Kibaigwa nao waulize mnunuzi anakataa gunia la namna gani, hiyo lugha wanaielewa haraka.

BintiChamwino: Asante sana baba. Alhamisi naenda kupukuchua kwa mama mmoja jirani na ofisi ya kijiji, karatasi zote naziacha. Nikitoka huko naleta mrejesho hapahapa.