Mizinga ya milimita 30: je, risasi ya 30×173 inaingia katika mzinga wowote?

Mdadisi aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, ndege ya A-10, helikopta ya Apache na gari la deraya la BMP-2 zote hutajwa kuwa na mzinga wa rashasha wa milimita 30. Je, risasi ya mmoja inaweza kufyatuliwa na mwingine? Na ile 173 inayofuata baada ya 30 ina maana gani?

Mtutu Mrefu alijibu:
Haiwezekani, ndugu yangu, na jibu limo katika namba hiyo uliyoiulizia. 30 ni kipenyo cha kichwa cha risasi, na 173 ni urefu wa ganda kwa milimita. Apache (mzinga wa M230) hutumia 30×113, BMP-2 (2A42) hutumia 30×165, na A-10 (GAU-8/A) hutumia 30×173. Chemba ya kila mzinga (mahali risasi inapokaa ili ifyatuliwe) hukatwa kulifuata ganda lake, kwa hiyo lililo refu haliingii na lililo fupi halishikwi inavyopasa. Ganda kubwa hubeba baruti nyingi, ndiyo maana kichwa cha Apache hutoka kwa takriban mita 800 kwa sekunde ilhali cha A-10 hupita mita 1,000.

Risasi nzima ya A-10 ina urefu wa karibu milimita 290. Ganda lake ni la alumini ili kupunguza uzito, maana ndege hupakia takriban risasi 1,150, na kichwa chake kimevishwa mikanda ya plastiki inayoipunguzia mitutu saba ya GAU-8 kulika. Ninachokistahi zaidi ni kwamba maganda matupu hayatupwi nje, bali hurudishwa katika pipa lile lile la risasi, yasije yakaidhuru ndege.

Fataki aliongeza:
Naomba kuongeza jambo ambalo wengi hulisahau: hata vipimo vikilingana, bado si hakika. Risasi za 30×165 za 2A42 huwashwa kwa pini inayogonga fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda), lakini zile za mzinga wa GSh-30-1 uliomo katika ndege za kivita za MiG-29 na Su-27 huwashwa kwa umeme. Kwa macho ni ndugu, ila hazibadilishani.

Mdadisi:
Nashukuru sana, wakuu. Basi, mbali na A-10, ni silaha gani nyingine hutumia 30×173?

Mtutu Mrefu:
Zipo kadhaa. Goalkeeper, mfumo wa Uholanzi wa kulinda meli dhidi ya makombora, hutumia mzinga ule ule wa GAU-8. Mk44 Bushmaster II wa Marekani, unaoendeshwa kwa mota ya umeme na mnyororo, hufyatua takriban risasi 200 kwa dakika ukilinganisha na 3,900 za A-10. Gari la Puma la Ujerumani lina MK 30-2/ABM, ambao huipangia risasi mahali pa kulipuka wakati inapotoka mtutuni. Mk44 hulishwa kwa mkanda wa risasi zilizounganishwa, ilhali za A-10 hupita moja moja bila viunganishi. Isitoshe, magari ya deraya hutumia pia mshale mwembamba wa metali nzito uliovishwa koti linaloachana nao nje ya mtutu. Katika ndege vipande vya koti hilo vingeweza kuingia kwenye injini, kwa hiyo A-10 hutumia vichwa vyenye kipenyo kamili.