Naomba ushauri: Sindano ya mzio chuoni ikae wapi, na nani aruhusiwe kuitumia?

Mleta mada: Habari wakuu. Mwezi uliopita mwenzangu wa chumba alikula keki, kumbe ina karanga. Midomo ikavimba, sauti ikakauka, kifua kikawa kinapiga mluzi. Chuo kina sindano ya adrenalini, ile iliyojazwa tayari dawa ya kuokoa mwenye mzio mkali, ila ilikuwa kabatini zahanati na mwenye ufunguo alishaondoka. Niligonga ule mlango mpaka mkono ukauma. Kilichomwokoa ni dada wa chumba cha jirani aliyekuwa na yake. Sasa niko kwenye kamati ya kuandika kanuni za dawa hii. Tuweke nini?

MuuguziMstaafu: Pole sana mwanangu. Anzeni na kufuli. Dawa hii haifungiwi. Ikae ukutani panapoonekana, bwaloni kwanza, kisha mabwenini na viwanjani. Na ziwe mbili kila mahali, maana mgonjwa asipopata nafuu ndani ya dakika 5 hadi 15 huchomwa ya pili. Ya mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 0.3.

Mleta mada: Asante mama. Mwanasheria wa chuo anasema asiye mtaalamu wa afya akichoma mtu, tutashtakiwa.

Wakili_Kijana: Msimpuuze, sheria hutofautiana kila nchi. Someni kama yenu inaruhusu daktari kuandika agizo la kudumu kwa jina la chuo badala ya la mgonjwa, na kama inamlinda anayeokoa kwa nia njema. Kisha kanuni itaje waliofunzwa: wapishi, walinzi, wasimamizi wa mabweni. Mlinzi ndiye yupo saa nane usiku.

MtunzaBohari: Joto, jamani! Niliwahi kukuta moja imetundikwa karibu na jiko, dawa inayoonekana kwenye kidirisha cha sindano imegeuka kahawia. Nyuzi 20 hadi 25, mbali na jua, na si kwenye friji. Andikeni cheo cha atakayekagua rangi na tarehe ya mwisho kila mwezi. Mkiandika "wahusika", hakuna atakayekagua.

MuuguziMstaafu: Kweli kabisa. Na mafunzo yaseme wazi: vidonge vya mzio havichukui nafasi ya sindano. Choma paja upande wa nje, hata juu ya suruali, mlaze, asisimame. Akibanwa pumzi, akae miguu imenyooshwa. Hata akipata nafuu aende hospitali, dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Mleta mada: Nimeandika yote. Kikao ni Jumanne, naanza na kufuli.