Kliniki imevujisha rekodi zetu na imenyamaza. Sheria inasemaje?

Binti wa Kaptembwo, Nakuru
Habari zenu. Mama yangu anatibiwa sukari na presha kwenye kliniki moja ya kibinafsi hapa mjini. Juzi amepigiwa simu na mtu asiyemjua. Akamtajia majina yote matatu, tarehe ya kurudi kliniki, hadi metformin anayomeza asubuhi, halafu akaanza kumuuzia dawa ya "kumaliza sukari kabisa". Majirani wanaotibiwa hapo wamepigiwa vilevile. Mhudumu mmoja wa mapokezi ameniambia kwa sauti ya chini kwamba kompyuta zao ziliingiliwa, na wamekatazwa kusema. Namba nitazizuia, lakini wao kujua na kutunyamazia kumeniuma sana. Je, hawalazimiki kutuambia?

Karani wa Kondele, Kisumu
Pole sana, dada. Wanalazimika. Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43. Data ikiangukia mikono isiyoruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, wana saa 72 tangu wajue kumwarifu Kamishna wa Data. Mgonjwa naye aandikiwe, ila kwake hawakuweka saa, wamesema tu muda unaowezekana. Hapo ndipo kliniki hujificha, na mimi naona ni makosa. Marekani, uvujaji ukigusa wagonjwa 500 au zaidi, wizara ya afya huuweka kwenye orodha ambayo yeyote anaweza kuisoma. Tungekuwa nayo hapa, mama angejua kabla ya tapeli kupiga.

Nesi mstaafu, Kakamega
Mwanangu, waandikie barua. Uliza ni nini kilichotoka, lini, na kama Kamishna ameambiwa. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria inataka yamalizwe ndani ya siku 90, na kifungu cha 65 kinaruhusu kudai fidia. Yule wa mapokezi usimtaje popote, atafutwa kazi. Nimehudumu CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, miaka mingi: mgonjwa wa ARV akisikia siri imetoka, haji tena kuchukua dawa. Mama asiache kliniki, tafadhali. Msindikize.

Binti wa Kaptembwo, Nakuru
Asante, mama. Asante, kaka. Majirani wamekubali kutia sahihi. Barua naipeleka kesho asubuhi, pamoja na namba zilizotupigia.