Mama kaacha dawa ya kolesteroli, anameza mafuta ya samaki. Nifanyeje?

Mwana wa Wete:
Assalaam alaykum. Mama yangu ana miaka 58. Alipopimwa, LDL, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 4.6 na triglisaridi, mafuta mengine ya kwenye damu, 2.9, akaandikiwa atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, miligramu 20 kila usiku. Kameza wiki tatu, mapaja yakawa yanamuuma, akaacha kimya kimya. Nimejua juzi tu, nilipofungua kabati la vyombo natafuta kopo la iliki: pakiti ya dawa ipo vile vile, na pembeni yake chupa mbili alizoletewa na shangazi kutoka Maskati, moja mafuta ya samaki, nyengine ya "mchele mwekundu". Juu yake habasoda kijiko kila asubuhi, na kitunguu thomu kibichi. Nikimuuliza ananambia, "Hivi chakula, mwanangu. Vile kemikali." Vitamtosha kweli?

Pweza Kavu:
Thomu mbichi kila asubuhi? Poleni mnaokaa naye.

Muuza Dawa Unguja:
Wa alaykum salaam. Geuza hiyo chupa ya samaki. Mbele imeandikwa miligramu 1000, lakini hayo ni mafuta yote kwa jumla. Kinachofanya kazi ni EPA na DHA, aina mbili za omega-3, na chupa nyingi za kawaida zina miligramu 180 na 120 kwa kidonge, yaani 300 tu. Triglisaridi hushuka vizuri mtu akipata gramu 2 hadi 4 za hivyo viwili kwa siku. Gramu 3 ni vidonge kumi! Na hata akivimeza, LDL haishuki. DHA huweza kuipandisha kidogo. Dozi kubwa kama hizo pia zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, basi asijipandishie mwenyewe.

Kinachonitisha zaidi ni huo mchele mwekundu. Si wa kupikia, umechachushwa kwa kuvu, na ndani mna monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, statini, jamii moja na ile atovastatini yake. Mama kaifukuza statini mlangoni, kaipokea dirishani. Tena humo hujui kipimo, na baadhi huwa na sitrinini, sumu ya figo. Akirudia dawa yake huku anameza na huo, ni statini mbili kwa pamoja. Mapaja bado yanamuuma? Akiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, hospitali siku hiyo hiyo.

Bint Chake:
Mwaka 2022 Cleveland Clinic ya Marekani walitoa majaribio ya siku 28: rosuvastatini, statini nyengine, ya miligramu 5 dhidi ya mafuta ya samaki, mdalasini, thomu, manjano, steroli za mimea na huo mchele mwekundu. Dawa ilishusha LDL karibu asilimia 38. Vile sita, hakuna kilichokishinda kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Kwa waliopewa thomu LDL ilipanda.

Ami Karafuu:
Siku 28 ni chache, na habasoda haikuwemo. Msiisingizie.

Bint Chake:
Kweli ami, haikuwemo. Ale, lakini isikae mahali pa dawa.

Muuza Dawa Unguja:
Kama anataka kitu cha dukani chenye faida, kuna isabgol, yale maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi. Kiasi cha gramu 10 kwa siku hushusha LDL asilimia 5 hadi 10. Anywe na maji mengi, na aiache mbali na saa ya dawa. Triglisaridi nazo zinapenda sukari: chai yake anatia vijiko vingapi?

Mwana wa Wete:
Vine. Na haluwa haikosekani.

Nimegeuza chupa, ni 180 na 120 kama ulivyosema. Kavaa miwani akasoma mwenyewe, akamimina vidonge kiganjani akahesabu hadi kumi, kisha akavirudisha kimoja kimoja. Mchele mwekundu kanikabidhi. Mapaja anasema bado yanamvuta akipanda ngazi, kwa hivyo kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari na chupa zote mkobani, tumuulize kama dozi itapunguzwa au dawa ibadilishwe.

Thomu kakataa kuacha.

Pweza Kavu:
Kaeni dirisha wazi.